Emil von Behring: mwana wa mwalimu aliyekuta dawa ndani ya damu

Ku Malemba-Nkulu, wakisema mgonjwa amewekewa serumu, kila mmoja anaona ile chupa iliyotundikwa juu ya kitanda na mpira unaoshuka mpaka ku mkono. Ndani yake kuna maji ya chumvi ao ya sukari, basi. Serumu yenyewe, ile iliyoshangaza waganga wa dunia nzima, ni kitu kingine. Ni yale maji ya rangi ya manjano yanayobaki damu ikisha kuganda. Ndani yake mwili unaweka silaha zake za kupigana na ugonjwa.

Mtu aliyeonyesha kwamba maji hayo, yakitoka ku mwili mmoja, yanaweza kuokoa mwili mwingine, ni munganga Mjerumani Emil von Behring. Alikufa mwaka 1917. Lakini mama anayepeleka mtoto wake kupata shindano la Penta anapeleka mtoto ku kazi iliyoanza na huyo mtu. Na dawa ya Ebola iliyotoka mu damu ya Mkongomani wa Kikwit inafuata njia ile ile aliyoifungua.

Mtoto wa nyumba yenye watoto 13

Emil Behring alizaliwa tarehe 15 mwezi wa 3 mwaka 1854, katika kijiji cha Hansdorf. Wakati ule kijiji kilikuwa cha ufalme wa Prussia, leo kiko ndani ya inchi ya Poland. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji. Nyumba ilikuwa na watoto 13, na kila mtu anajua mshahara wa mwalimu wa kijiji unafika wapi mbele ya midomo 13.

Kijana alikuwa na akili ya masomo, lakini pesa ya univerziti haikuwepo. Njia moja tu ilikuwa wazi: jeshi. Mwaka 1874 akaingia katika shule ya waganga wa jeshi ku Berlin. Pale serikali ililipa masomo, na mwanafunzi alijifunga kutumika jeshini miaka mingi akisha kumaliza. Behring akakubali. Akapata digrii yake mwaka 1878, na miaka miwili nyuma yake akapita mtihani wa serikali, akawa munganga kamili. Kisha akatumwa huku na huku kama askari yeyote.

Ndani ya ile kazi ya jeshi ndipo wazo lake la kwanza lilizaliwa. Siku zile waganga walikuwa wanatia ku vidonda unga mmoja wa manjano wenye harufu kali, unaoitwa iodoformu. Waliamini kwamba unaua mikrobe. Behring akaupima na kukuta jambo la ajabu: mikrobe haziuawi sana, lakini sumu ambayo mikrobe zinatoa inapunguzwa nguvu. Wengine wangeona ni jambo dogo. Yeye akashikilia swali moja: kama kinachoua mtu ni sumu, juu ya nini kuhangaika na mikrobe peke yake? Juu ya nini tusitafute kitu cha kuvunja sumu?

Ugonjwa uliokaba watoto shingo

Swali lile halikuwa la mchezo. Ulaya wakati huo ilikuwa inazika watoto wengi sana juu ya difteria, ugonjwa ambao Waswahili wengine huita dondakoo. Mtoto anaanza na homa na maumivu ya koo kama mafua ya kawaida. Kisha utando mzito wa kijivu unaota kooni na kuziba njia ya pumzi. Waganga walifikia kutoboa mtoto shingo ili hewa ipite, na hata hivyo wengi walikufa. Wengine koo lilifunguka, wazazi wakashukuru Mungu, na siku chache nyuma yake moyo wa mtoto ukasimama.

Mjerumani mwingine, Friedrich Loeffler, alikuwa amefaulu mwaka 1884 kukuza mikrobe ya difteria katika labo. Yeye ndiye aliona kwamba mikrobe inabaki kooni tu, lakini moyo na viungo vya mbali vinaharibika. Mwaka 1888, ku Paris, Émile Roux na Alexandre Yersin wakatoa jibu: mikrobe inakaa kooni kama mchawi nyumbani kwake, lakini inatuma sumu ambayo inatembea mu damu mwili mzima.

Mwaka ule wa 1888 Behring akarudishwa Berlin, na mwaka uliofuata akaingia katika labo ya Robert Koch, mkubwa wa wataalamu wa mikrobe, yule aliyegundua mikrobe ya kifua kikuu. Hapo akakuta Mjapani mmoja mwenye mkono wa uangalifu sana, Shibasaburo Kitasato. Mwaka 1889 Kitasato alifanya jambo ambalo wengi walikuwa wamelishindwa: alikuza mikrobe ya tetanosi, pepopunda, ikiwa peke yake bila kuchanganyika na nyingine. Mmoja alikuwa na tetanosi, mwingine alikuwa na difteria, na wote wawili walikuwa na swali moja la sumu.

Sungura na panya

Walichofanya kinaweza kuelezwa kwa mtoto wa shule. Walichukua sungura na kumzoeza sumu ya tetanosi kwa namna ambayo hakufa, mpaka mwili wake ukaweza kuivumilia. Kisha wakamtoa damu kidogo na kuitia mu mwili wa panya ambaye hajawahi kuugua. Halafu wakampa panya huyo tetanosi ya kutosha kumuua. Panya akabaki mzima. Panya mwenzake, ambaye hakupata damu ya sungura, akakauka misuli na kufa.

Maana yake nini? Sungura aliyeshinda ugonjwa alikuwa ametengeneza kitu mu damu yake, na kitu kile kiliweza kuhamishwa. Kilihama, kikafika mu mwili wa mwingine, na kikaendelea kufanya kazi. Hakikuua mikrobe. Kilishika sumu na kuifunga. Ni sawa na kumnyang'anya nyoka sumu yake bila kumgusa nyoka mwenyewe.

Tarehe 4 mwezi wa 12 mwaka 1890, gazeti la waganga wa Ujerumani likatoa maandiko yao. Majina yalikuwa mawili, Behring na Kitasato. Juma moja nyuma yake Behring akatoa maandiko mengine juu ya difteria, na safari hii jina lilikuwa moja. Kitu kile cha mu damu kilipewa jina la kipinga-sumu. Leo kinajulikana kama kingamwili, ao antikoro kwa waganga waliosoma Kifaransa.

Kutoka panya mpaka mtoto wa mtu

Kati ya panya mmoja na hopitali yenye watoto mia kuna mlima. Damu ya sungura ni kidogo. Pamoja na rafiki yake Erich Wernicke, Behring akaanza na kobayi, wale wanyama wadogo wanaofugwa nyumbani, kisha akaenda ku kondoo. Serumu ikapatikana, lakini nguvu yake ilibadilika kila mara. Chupa moja iliponya, nyingine ilikuwa kama maji. Munganga hawezi kutibu watoto na bahati nasibu.

Aliyefungua fundo hilo ni Paul Ehrlich, Myahudi wa Ujerumani, mtu wa hesabu na vipimo. Ehrlich akaonyesha namna ya kuzidisha nguvu ya serumu kidogo kidogo, na akatengeneza kipimo ili kila chupa ijulikane ina nguvu gani. Kampuni ya Hoechst, iliyokuwa inatengeneza rangi za vitambaa, ikaingiza pesa. Mwaka 1894 serumu ikaanza kuuzwa.

Mwaka huo huo, ku Paris, Roux akatumia farasi, mnyama mwenye damu nyingi, na akatibu watoto 300 wenye difteria ku hopitali. Kabla ya serumu, karibu nusu ya watoto waliolazwa na ugonjwa ule walikuwa wanakufa. Pamoja na serumu, vifo vilishuka mpaka karibu robo. Habari ikatembea dunia nzima. Mafarasi wakaanza kufugwa juu ya damu yao Ulaya na Marekani. Na miaka ile ile, kwa njia hiyo hiyo ya farasi, dawa ya sumu ya nyoka ikapatikana, ile ambayo mpaka leo mkulima aliyeumwa shambani anaihitaji.

Utukufu na mgao wake

Behring akapanda haraka. Mwaka 1895 akawa profesa ku Marburg, muji mdogo wa Ujerumani, na pale akabaki mpaka kufa. Mwaka 1896 akaoa Else Spinola, na wakazaa watoto sita, wote wanaume. Mwaka 1901 mfalme wa Prussia akampa cheo cha heshima, na Behring akawa von Behring. Mwaka ule ule Zawadi ya Nobel ikatolewa kwa mara ya kwanza, na ya uganga ikawa yake peke yake.

Peke yake: hapo ndipo watu wanagombania mpaka leo. Kitasato, ambaye jina lake liliandikwa mbele ya dunia mwaka 1890, hakupata kitu. Ehrlich, ambaye bila vipimo vyake serumu isingetoka ku panya, alingoja mpaka 1908, na alipewa juu ya kazi zake za kinga kwa jumla. Urafiki wa Ehrlich na Behring ulikuwa umeharibika mapema juu ya pesa za serumu. Ehrlich aliona kwamba mgao haukuwa wa haki. Behring alikuwa mtu mgumu, mwenye haraka ya kudai na mwenye kiburi cha kazi yake. Mwaka 1904 akaanzisha kampuni yake ku Marburg, Behringwerke, ili serumu na chanjo zitengenezwe mkononi mwake.

Lakini si kila alichogusa kilifaulu. Miaka mingi alipigana na kifua kikuu. Alitengeneza chanjo ya ng'ombe, akatumaini kwamba maziwa safi yatalinda watoto. Kazi ikaachwa ilipoonekana kwamba mikrobe za chanjo zenyewe zinaweza kutoka ndani ya maziwa. Roho yake pia ilikuwa inaugua. Kati ya 1907 na 1910 alikaa katika nyumba ya matibabu juu ya huzuni nzito iliyomshika.

Alipotoka, akarudi ku ugonjwa wake wa kwanza. Serumu ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: inasaidia mara moja, lakini baada ya majuma machache inaisha mu mwili, na mtoto anabaki bila ulinzi. Ni kama kuazima askari wa jirani, siku moja wanarudi kwao. Mwaka 1913 Behring akatangaza mchanganyiko wa sumu na kipinga-sumu ambao ulifundisha mwili wa mtoto kutengeneza askari wake mwenyewe. Mfaransa Gaston Ramon akaboresha wazo hilo miaka ya 1920, akalainisha sumu kwa formoli mpaka isidhuru tena. Herufi D na T za chanjo ya DTC, ambayo leo iko ndani ya Penta, zinatoka hapo.

Vita ya 1914 ikaleta majeruhi wenye vidonda vya udongo na samadi, na tetanosi ikafuata. Serumu ya tetanosi ikaokoa askari wengi, na yule aliyelipiwa masomo na jeshi akawa amelipa deni lake. Vita haikuwa imeisha alipokufa ku Marburg, tarehe 31 mwezi wa 3 mwaka 1917, akiwa na miaka 63.

Kilichobaki bila jibu

Behring alikufa bila kujua vizuri kile alichokikuta kina umbo gani. Alijua kinafanya kazi. Na serumu ya farasi ilikuwa na matatizo mawili ambayo yeye hakuyamaliza. La kwanza, ilikuwa damu ya mnyama, na mwili wa mtu uliweza kuikasirikia kwa homa, vipele na maumivu ya viungo. La pili, ndani ya serumu kingamwili ziko mchanganyiko, kama soko la siku ya Jumamosi: zile zenye faida ni chache kati ya nyingi ambazo hazihusiki na ugonjwa ule.

Mwaka 1975, ku Cambridge, Uingereza, Mjerumani Georges Köhler na César Milstein, mzaliwa wa Argentina, wakapata njia ya kutenga kingamwili moja tu. Walichukua chembe ya mwili wa panya inayotengeneza kingamwili wanayoitaka, wakaiunganisha na chembe ya kansa ambayo haichoki kuzaana. Matokeo yake ni kiwanda kidogo kinachotoa kingamwili ya aina moja, siku kwa siku. Waganga huziita kingamwili za monoklono. Wawili hao walipata Nobel mwaka 1984. Wengine wakaendelea mpaka kupata kingamwili za mtu, si za panya tena.

Hapo hadithi inageuka na kuja Afrika, na mlango wake ni kampuni ya Behring yenyewe. Mwaka 1967, wafanyakazi wa Behringwerke ku Marburg walishika nyani walioletwa kutoka Uganda juu ya kazi ya chanjo. Wakaugua ugonjwa usiojulikana, wa homa na kutoka damu. Ku Marburg, Frankfurt na Belgrade watu 31 waliugua na 7 wakafa. Virusi hivyo vikabeba jina la muji: Marburg. Ndugu yake akaonekana mwaka 1976 ku Yambuku, katika Kongo, Zaire ya wakati ule. Ni Ebola.

Damu ya Kikwit

Mwaka 1995 Ebola ikaingia Kikwit. Watu 315 waliugua, zaidi ya 250 wakafa. Dawa haikuwepo. Waganga wa Kongo, pamoja na Profesa Jean-Jacques Muyembe, wakachukua damu ya watu waliopona na kuwapa wagonjwa 8. Saba wakapona. Wataalamu wa nje walisema hesabu ni ndogo, na pengine wale wagonjwa wangepona tu. Lakini wazo lilikuwa lile lile la sungura na panya.

Miaka 11 nyuma ya ule ugonjwa, mtu mmoja aliyepona Kikwit akatoa damu yake ifanyiwe utafiti ku Marekani. Chembe zake zilikuwa bado zinakumbuka Ebola. Watafiti wa Marekani na wa Uswisi, pamoja na taasisi ya INRB ya Kinshasa, wakachagua ndani yake kingamwili moja yenye nguvu, wakaiita mAb114. Leo jina lake ni Ebanga. Haitoki tena mu damu ya mtu, inakuzwa katika matangi ya kiwanda, na mgonjwa anaipata mara moja tu kupitia mshipa.

Kutoka mwezi wa 11 mwaka 2018 mpaka mwezi wa 8 mwaka 2019, ku Beni, Butembo, Katwa na Mangina, dawa nne zilipimwa kwa wagonjwa 681. Katika wale waliopewa ZMapp, dawa ya kulinganisha, karibu nusu walikufa. Katika wale wa mAb114 walikufa asilimia 35, na wale wa dawa nyingine ya kingamwili, REGN-EB3, asilimia 33 na nusu. Waliofika mapema, virusi vikiwa bado vichache mu damu, wengi walipona. Mwaka 2020 dawa hizo mbili zikapewa ruhusa Marekani, na mwaka 2022 shirika la OMS likashauri zitumiwe.

Swali la mgao, lile lililovunja urafiki wa Behring na Ehrlich, limerudi. Damu ni ya Kongo, majaribio yalifanyika Kongo, wagonjwa ni wa Kongo, lakini haki ya kutengeneza Ebanga iko mkononi mwa kampuni ya Marekani. Dawa ya namna hii inahitaji kiwanda cha bei kubwa na baridi ya kuihifadhi njiani, na hiyo barabara ya kutoka Kinshasa mpaka kijiji cha mwisho watu wanaijua.

Difteria nayo haijakufa. Inarudi popote watoto wanapokosa chanjo, na serumu ya farasi, ile ya 1894, ndiyo dawa yake mpaka leo. Serumu hiyo ni adimu dunia nzima. Mtoto wa kando ya Lualaba akipatwa, ni vigumu kuamini kwamba chupa itafika kabla pumzi haijaisha. Ndiyo maana Behring mwenyewe, aliyepata utajiri na jina juu ya serumu, alitumia nguvu zake za mwisho kutafuta chanjo. Katika Kongo Penta inatolewa bure mara tatu: mtoto akiwa na majuma 6, majuma 10 na majuma 14.